Sanduku la Mize

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Ijumaa iliyopita niliahidi kwamba leo tutakaa na aya ya kwanza ya Suratut Talaaq, sura ya Qurani inayozungumzia talaka. Tulipotoka msikitini mzee mmoja akanivuta kanzu, akaniambia, "Maalim, usituletee fiqhi kavu. Tutilie na mchuzi kidogo." Basi nimetia mchuzi. Kisa cha leo nimekitunga mwenyewe, kwa hiyo musianze kuulizana ni nyumba gani, shehia gani. Najua mutaulizana tu.

Faki na Mize walikuwa wakikaa upande wa Mtambwe, hapa hapa Pemba, wana mikarafuu michache ya urithi. Msimu ule ilizaa vizuri, na Faki alikuwa keshakula pesa zake karafuu zingali mtini. Kakopa kwa huyu, kamuahidi yule, na mkewe hakuambiwa hata moja. Siku hiyo majamvi matatu yako uwanjani, jua la siku ya nne, karafuu zimeshageuka rangi, ukizifinya zinavunjika kwa mlio. Faki akenda Wete, akamwachia Mize kazi ya kuziangalia.

Mize alikuwa na mtoto ana homa. Alimlaza kifuani, na kwa vile usiku mzima hakufumba jicho, usingizi ukamchukua naye. Mvua ya vuli haipigi hodi. Alipozinduka maji yalikuwa yamesimama juu ya majamvi.

Faki aliporudi hakuuliza mtoto yukoje. Alisimama uwanjani, viatu mkononi, akatoa talaka. Moja. Mbele ya jirani aliyekuja kusaidia kuanua.

Angeweza kusema, "Mize, nina deni, naogopa." Lakini kumwambia mke naogopa ni kuzito kuliko kumwambia nimekuacha. Wanaume tuliomo humu tunalijua hilo, hata tukitazama chini.

Kabla ya Magharibi kaka zake Mize walikwisha fika na gari la ng'ombe. Godoro likapanda, sufuria zikapanda, sanduku la mbao alilokuja nalo harusini likapanda. Mama mtu alikuwa ametuma salamu moja tu: mwanangu hana dhiki ya kwao.

Aliyewazuia hakuwa wa upande wao. Ni shangazi yake Faki, bibi wa makamo, alikuja na mwavuli uliovunjika ubavu. Akaliangalia gari, akasema, "Teremsheni."

"Shangazi, huyu kaachwa."

"Nimesikia. Kaachwa moja. Siku zake za kungoja, za eda, anakwenda kukaa kwenu kwa dalili ipi?"

Hawakuwa nayo. Sanduku likateremka. Kisha shangazi akageukia karafuu, zimerundikwa mlangoni zinachuruzika, hapana aliyekuwa na habari nazo tena. Akawaamrisha wale wale waliokuja kubeba vyombo wazichukue ndani, akazitandaza mwenyewe sakafuni, nyembamba, ukumbi mzima mpaka uvungu wa kitanda, watu wakakosa pa kukanyaga. "Zikilala rundo zitavunda, zitapauka," alisema. Zaidi ya hapo jioni ile hakusema neno.

Sasa tuingie kwenye aya. Mwenyezi Mungu anasema kuhusu wanawake walioachwa: msiwatoe katika nyumba zao, wala wao wasitoke, ila wakifanya uchafu ulio wazi. Tazameni neno hilo, *buyuutihinna*, nyumba zao wao. Mume ndiye aliyekata boriti, ndiye aliyekandika udongo, ndiye aliyenunua mabati, na katika wakati ule ule anapojiona ana haki ya kusema toka nyumbani kwangu, Qurani inaiita nyumba ya mke. Mimi nimeisoma aya hii tangu chuoni, nimeisomesha, na sijui mara ngapi imenipita bila ya kunisimamisha hapo.

Kwetu mke akiachwa hutoka siku ile ile. Tumelizoea mpaka tunalidhani ndiyo dini yenyewe, na mwanamke anayebaki huonekana hana haya. Simzungumzii mwenye kuhofia nafsi yake, anayepigwa au kutishwa. Huyo wanavyuoni wamempa ruhusa ya kutoka, na hakuna wa kumwambia akae na chui ndani mpaka eda iishe. Namzungumzia Mize, na wengi wetu visa vyetu ni vya Mize: deni, usingizi, mvua, ulimi.

Aya inamalizia: *laa tadrii la'allallaaha yuhdithu ba'da dhaalika amraa*. Hujui, pengine Mwenyezi Mungu ataleta jambo jengine baada ya haya. Mwanzo wa aya anasema na wengi, mnapowaacha wanawake. Mwisho anasema na mmoja. Hujui, wewe uliyesimama uwanjani na viatu mkononi. Watu wanapenda kusema maji yakimwagika hayazoleki, na wengine huyasema kwa furaha kidogo, lakini talaka ya kwanza na ya pili si maji. Suratul Baqara imezitaja hizo mbili, na baada yake ama kukaa kwa wema ama kuachana kwa ihsani. Eda ni tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi, au miezi mitatu kwa asiyeingia hedhini, au mpaka kujifungua kwa mwenye mimba. Ni muda alioupima Yeye mwenyewe, na sisi tunaupunguza mpaka unakuwa mchana mmoja na gari la ng'ombe.

Turudi Mtambwe. Katika madhehebu yetu ya Shafi mume hakai faragha na mtalaka wake mpaka amrejee kwa kauli. Kwa hiyo shangazi alihamia kwa Mize na Faki akalala bandani, penye magunia na pishi za kupimia karafuu. Nyumba yake mwenyewe akawa anaipigia hodi. Matumizi yalikuwa juu yake, maana mwenye talaka rejea, ile ambayo mume bado anaweza kumrejea mke, analishwa na kuvishwa, basi kila alfajiri akiacha samaki mlangoni na kwenda zake. Mazungumzo yalipitia kwa shangazi, hata wote watatu wakiwa hatua nne. "Mwambie chumvi imekwisha." "Mwambie nitaleta." Shangazi alichoka siku ya tatu, lakini hakusema.

Karafuu zilikauka. Hazikuwa nzuri, kituo cha kuuzia zilipokewa daraja la tatu. Faki alirudi na pesa, akazigawa mafungu barazani, akayataja madeni yake kwa sauti moja baada ya jengine, kila deni na jina la mwenyewe. Alikuwa akimwambia shangazi. Mize alikuwa nyuma ya mlango na upawa mkononi.

Ikapita wiki ya tano, ya sita. Usiku mmoja Faki alikaa barazani na taa ya chemni akichambua mchumo wa mwisho, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Ndani mtoto akakohoa. Faki akasita, konyo moja kati ya vidole. Akauliza, si kupitia kwa shangazi, "Homa yake ile vipi?"

Mize hakujibu mara ile.

Hapa nawaacha. Najua mnataka kusikia nimekurejea, mashahidi wawili, mtoto anacheka, ubani unafuka. Tumezoea hadithi za namna hiyo, na mapenzi yakishasifiwa sana tunamuona asiyerudi ana moyo wa jiwe. Lakini yuko Mughith. Habari yake imo katika Sahihi ya Bukhari, kitabu cha hadithi za Mtume, kwa mapokezi ya Ibn Abbas: Mughith alikuwa mtumwa, mkewe Barira alipata uhuru wake, na kwa uhuru ule akapewa hiari ya kubaki naye au kumwacha. Akamwacha. Mughith akawa anamfuata nyuma katika njia za Madina analia, machozi yanateremka ndevuni. Mtume, rehma na amani zimshukie, akamwambia ami yake Abbas: hustaajabu jinsi Mughith anavyompenda Barira, na Barira anavyomchukia Mughith? Kisha akamwambia Barira, lau ungemrudia. Akauliza, "Ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, unaniamrisha?" Akasema, "Mimi naombea tu." Akajibu, "Simhitaji."

Na ikawa basi. Hakukemewa. Mwombezi ni nani zaidi yake? Na mwanamke aliyekuwa juzi mtumwa akasema hapana, ikapokelewa. Kila nikipelekwa kusuluhisha watu namkumbuka, kwa sababu sisi wasuluhishi tuna tabia ya kumuona mke anayekataa ndiye tatizo lililobaki. Ni kweli, ndani ya eda kauli ya kurejea iko kwa mume. Lakini Qurani imeifunga na sharti, wakitaka suluhu, na ikakataza kuwarejea ili kuwadhuru. Ziko rejea tunazozijua zilizosemwa siku mbili kabla ya eda kwisha ili mke asiolewe na mwengine tu. Hizo ni kamba za kumfungia mtu.

Niwaambie na langu. Miaka mingi nyuma nilikuwa mmoja wa kaka wale. Sanduku la dada yangu nililibeba mimi kichwani, zito, na nilijiona mwanamme kweli kweli. Siku ya tatu mumewe alikuja mpaka barazani kwetu. Tulimrejesha njiani, dada yumo jikoni, hakuambiwa. Alikuja kupata habari eda imeshapita, na yule bwana keshaondoka kisiwani.

Juzi nilikwenda kwa dada yangu na kisa hiki kabla sijakileta kwenu. Nilikuwa na maneno ya kumuomba radhi pia, nimeyapanga njia nzima, na nilipofika yakawa mafupi kuliko nilivyodhani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, soma hicho ulicholeta." Nikasoma. Mwisho nilikuwa nimeshauandika, na mashahidi wawili na ubani, na wallahi niliuona mzuri.

Alikuwa anachagua mchele. Akatoa kokoto moja kwenye ungo, akaitupa uwanjani, akaniuliza, "Na Mize ulimuuliza?"

Nikaufuta.