Nilivyotoa mzigo wa duka langu Belfast bila wakala

Wapo wanaowaambia wageni, "Ireland ya Kaskazini ni Uingereza, agiza mzigo kama vile uko Birmingham." Wengine wanasema, "Pitishia Dublin, pale hakuna mpaka." Ushauri wote huo nimeufuata, na nimeulipia.

Mimi ni mtu wa Tanga, nina duka la vyakula vya kwetu hapa Belfast, Ireland ya Kaskazini. Hadi Desemba 2020 nilikuwa napiga simu kwa muuzaji Leicester, England, mzigo unapanda meli bandari ya Cairnryan, Scotland, keshokutwa uko kwenye rafu. Ilipofika tarehe 1 Januari 2021, kila katoni ikadai karatasi.

Sababu naielewa. Mpaka wa nchi kavu na Jamhuri ya Ireland, nchi ya Dublin iliyo ndani ya Umoja wa Ulaya, una kilomita kama 500 na barabara zaidi ya 200; ukilinganisha, njia za panya za mpaka wetu wa Horohoro ni mchezo. Watu wapatao 3,500 walikufa katika ile miaka ya machafuko ya huku kabla ya mkataba wa amani, Mkataba wa Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 1998. Nani angethubutu kurudisha kizuizi pale? Kwa hiyo Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, ukaguzi ukahamishiwa baharini, kati ya huku na kisiwa cha Uingereza, na huku tukabaki na kanuni za Ulaya za bidhaa.

Mzigo wangu wa kwanza Januari ile sitausahau. Ulikuwa ndani ya lori la pamoja: unga wa mahogo, chai, pilipili manga, na katoni nne za samli. Samli inatokana na mnyama, kwa hiyo inatakiwa cheti cha afya chenye saini ya daktari wa mifugo kabla ya kupanda meli. Muuzaji hakusema, na mimi sikuuliza. Katoni nne zikakwamisha lori zima siku sita, pamoja na mali za watu wasionijua. Dereva ananipigia asubuhi, ananipigia usiku. Mwenye duka mwenzangu akapiga, rafu zake tupu, sauti inatetemeka: "Dada, umenifanya nini?" Samli ikarudishwa kwa gharama yangu, pauni mia tatu na ushee, zaidi ya bei niliyoinunulia.

Mwanzoni mwa Februari wakaguzi wa bidhaa za wanyama wakaondolewa bandari za Larne na Belfast kwa sababu ya vitisho. Tarehe 7 Aprili basi likachomwa moto hapa mjini, na chupa za petroli zikarushwa juu ya ukuta unaotenganisha mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti. Nilifunga duka mapema. Mzee mmoja mteja wangu, anayependa pilipili kuliko sisi, aliniambia bei haimuumi; kinachomuuma ni kuwekewa mpaka na nchi yake mwenyewe. Nilimwelewa, na bado naona heri mimi nijaze fomu.

Nikaja na akili yangu, na najivunia. Nilitenganisha mizigo. Vikavu vinasafiri peke yake kutoka Leicester, na matamko ya forodha napitisha kwenye huduma ya serikali ya kuwasaidia wafanyabiashara, ambayo ni bure. Usiku tatu mezani nikajifunza namba za forodha za bidhaa: unga wa mahogo 1106 20, chai 0902, pilipili manga 0904. Ukikosea namba, mzigo unalala. Mfumo wa Windsor, makubaliano mapya ya Uingereza na Umoja wa Ulaya juu ya biashara ya huku, ulipoanza Oktoba 2023 ilibidi kuomba upya idhini ya kuleta mizigo ya Uingereza bila ushuru wa Ulaya, maana ya zamani haikuhama yenyewe. Idhini hiyo ni ya bidhaa zinazoishia kwa walaji wa huku, ndiyo maana nilimkatalia mwenye duka wa Dundalk, ng'ambo ya mpaka katika Jamhuri, aliyetaka unga wa jumla.

Samli nanunua kwa muuzaji wa Dublin, analeta mwenyewe kwa gari lake, bila karatasi ya forodha. Mimi siifuati. Pasipoti ya Tanzania yenye viza ya Uingereza hainiruhusu kuingia Jamhuri, nahitaji viza yao, na polisi wa kule huwa wanapanda mabasi kukagua. Wanaosema "pitishia Dublin" hilo hawalitaji, wala hawasemi kwamba mzigo wa Leicester ukishukia Dublin unakutana na forodha kamili ya Ulaya.

Dereva wa Dublin akifika nampa chai ya tangawizi. Aliniambia alipokuwa mtoto, karibu na Newry askari walikuwa wanawashusha wote garini na kufungua buti. Siku hizi, anasema, anajua amevuka pale tu vibao vya mwendo vinapotoka kilomita kwenda maili. Akamaliza kikombe, akaanza kushusha katoni.