Skrubu Sita za Mfuniko wa Silinda

Kwa majuma mawili injini yangu ndogo ya mvuke ilikaa mezani silinda ikiwa wazi, kwa sababu skrubu za mfuniko zilikataa kuingia. Niliinunua ikiwa vipande ndani ya sanduku, kutoka kwa mtu aliyeanza kuiunganisha akaiacha. Ni modeli ya Kiingereza ya zamani, yenye silinda ya shaba na gurudumu zito la chuma. Kati ya matundu sita, mawili yalipokea skrubu vizuri hadi mwisho. Katika manne yaliyobaki skrubu zile zile ziliingia kwa ulegevu, zikitikisika, kisha baada ya mizunguko minne au mitano zikakaza ghafla.

Hapo ndipo mkono hutaka kuongeza nguvu, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika, kwa kuwa shaba ni laini kuliko chuma na skrubu ikilazimishwa hulima thredi, yaani mifereji ya msokoto, ya tundu. Niliweka bisibisi chini. Nikasafisha matundu kwa mafuta ya taa na brashi nyembamba, nikapima kina chake kwa kipande cha waya, lakini uchafu haukuwapo na kina kilitosha.

Jibu lilipatikana nilipojaribu skrubu mpya ya M3, yaani ya kipimo cha metriki yenye kipenyo cha milimita 3. Iliingia katika matundu yale manne kwa vidole tu, ikagoma kabisa katika mawili yaliyokuwa mazima. Mwenye modeli wa kwanza alikuwa amechonga upya matundu manne kwa tepu (kifaa cha kuchongea thredi) ya M3, ilhali skrubu zilizokuja sandukuni zilikuwa za 6BA. Mfumo wa BA (British Association) wa vipimo vya skrubu ulipendekezwa Uingereza mwaka 1884 kwa ajili ya vyombo vidogo, nao una hesabu ninayoipenda sana: 0BA ina kipenyo cha milimita 6 na milimita 1 kati ya jino na jino, kisha kila namba inayofuata nafasi hiyo hupungua hadi tisa ya kumi ya ile iliyotangulia. Ukifika 6BA unapata kipenyo cha milimita 2.8 na nafasi ya 0.53, wakati M3 ina 3 na 0.5. Pembe ya jino nayo ni nyuzi 47.5 kwa BA na 60 kwa M3. Tofauti ya 0.03 kwa kila mzunguko huonekana si kitu, lakini hujumlika, na ndiyo maana skrubu nyembamba iliyoanza kwa kulegea ilikaza baadaye.

Niliamua matundu yote yawe M3. Ningeweza kupitisha tepu ya M3 moja kwa moja katika yale mawili ya 6BA, lakini mifereji ya zamani ingebaki ndani ya thredi mpya na kuidhoofisha, na silinda itabeba mvuke ambao kwa shinikizo la bar 3 hukaribia nyuzijoto 144. Kwa hiyo niliyapanua kwa keekee hadi milimita 4.2, nikachonga M5, nikafunga vizibo vya shaba na kuvilehemu, nikavisawazisha kwa tupa, ndipo nikatoboa 2.5 katikati na kuchonga M3. Ukingo wa silinda yangu una unene wa kuruhusu hilo; ukingo mwembamba usingevumilia. Tepu niliizungusha nusu mzunguko mbele na robo nyuma, nikiitoa mara kwa mara kuondoa chenga, kwa sababu tundu lisilotoboka upande wa pili hujaza chenga chini na tepu nyembamba hukatika humo. Kutoa kipande cha tepu kilichokatika ndani ya silinda ni kazi nisiyomtakia mtu.

Matundu ya mfuniko niliyaongeza hadi 3.2, nikaweka karatasi iliyolowekwa mafuta, nikakaza skrubu kwa kukingamisha, kila moja kidogo kidogo. Nilipopuliza hewa kwa pampu ya baiskeli na kupaka maji ya sabuni, povu lilitokea mahali pamoja, nalo halikutoka kwenye skrubu yoyote bali kwenye ukingo wa karatasi niliyoikata vibaya. Nikakata nyingine. Mara ya pili maji ya sabuni yalitulia kote, na pistoni ikasogea.