Nyingchi, bonde lililonirudishia pumzi
Jamani, Lhasa, mji mkuu wa Tibet, ilinitesa. Mita 3,650 juu ya usawa wa bahari, mimi mtoto wa Tanga, ngazi kumi tu natweta kama nimebeba gunia la mkaa. Siku ya tatu mwongoza watalii wetu akasema tushuke Nyingchi (bila yeye na kibali, mgeni hazururi Tibet, msijidanganye). Tukapanda treni ya ile reli iliyofunguliwa 2021, kilomita 435, mahandaki kibao: unauona mto Yarlung Tsangpo, giza, mto tena, giza.

Nyingchi iko kama mita 3,000, na hewa yenye unyevu hupanda kutoka upande wa India kupitia korongo la mto huohuo. Ndiyo maana kuna misitu minene. Mwishoni mwa Machi miti ya pichi ilikuwa imechanua, nyuma yake theluji ya mlima Namcha Barwa, mita 7,782. Kilele kilijitokeza dakika tano tu, kikajifunika wingu.

Mama mmoja akanimiminia chai ya siagi. Ina chumvi! Nikaimaliza kwa adabu, akajaza tena. Kumbe ukitosheka, unakiacha kikombe kimejaa.