Santuri ya Noeli: Upande B umeimba mpaka mwisho

Neno "Excelsis" la wimbo wa mwisho limetoka safi! Kwaya nzima, okestra nyuma yake, mizunguko ya mwisho kabla ya lebo (karatasi ya katikati), na ile "shhh" ya mafuta ya kukaanga penye kila s haipo tena.

Mshukiwa wa kwanza wa mkwaruzo huo alikuwa vumbi. Vumbi la lava hapa Goma ni kama kioo kilichosagwa, ukilipangusa kavu unaichora santuri. Nimeosha mara tatu: lita 1 ya maji ya kuongezea betri (si asidi), matone 5 ya sabuni ya vyombo, brashi laini kufuata mfereji, kisha suuza kwa maji hayo bila sabuni. Maji ya mvua hapana, moshi wa volkano ya Nyiragongo huyatia asidi. Tik-tik zilipungua sana. Mkwaruzo wa "Excelsis" ukabaki vilevile.

Uzito ambao sindano inakandamiza santuri: gramu 2.0 kwenye mizani ya wauza dhahabu, ile inayosoma 0.01. Kwa kazi hii inafaa, ila chagua isiyo na chuma ndani, maana chuma huvuta sumaku ya kichwa (kile kidude kinachoshika sindano) na kudanganya.

Kumbe mkwaruzo ulikuwa mkubwa zaidi kwenye spika ya kulia. Hiyo ni dalili: mkono unavutwa ndani, sindano inaegemea ukuta wa mfereji wenye sauti ya kushoto na kuuachia wa kulia. Nikapandisha antiskeiti (kirekebishi kinachouvuta mkono kurudi nje) kutoka 1 hadi 2, nusu ya ubaya ikaondoka.

Nusu iliyobaki ilisikika masikio yote mawili, yaani tatizo ni pembe ya kichwa. Mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Pembeni sindano inapita sentimita 92 za mfereji, karibu na lebo 39 tu, kwa hiyo s zilezile zimebanwa, na kichwa kikipinda kidogo zinararuka. Na watunzi wanapenda kumalizia kwa sauti kubwa, palepale pabaya! Nimechora kipimo kwenye karatasi ngumu, nukta mbili zenye mistari, milimita 66.0 na 120.9 kutoka katikati ya tundu. Kichwa kilikuwa kimekaa nyuma milimita 3. Legeza skrubu mbili, sogeza mbele mpaka kijiti cha sindano kilingane na mistari kwenye nukta ZOTE mbili, kaza kidogo kidogo kwa zamu, pima uzito upya kwa sababu umebadilika.

Wanaosema ununue kwanza sindano ghali wanakosea. Iliyokaa kwa pembe mbaya, ghali au rahisi, inararua.

Kurekodi kwenye kompyuta kutasubiri. Sasa nakata kifuniko cha plastiki angavu chenye sponji pembeni, vumbi limeanza kurudi.