John Dee: ramani ya ncha na jiwe jeusi

Wengi wanamjua John Dee, mwanahisabati wa Uingereza wa karne ya 16, kwa hadithi za malaika na kioo cheusi. Mimi naona sehemu yenye uzito zaidi ni vipimo vyake, na vipimo hivyo vilikutana na alkemia, sanaa ya kale ya kutafuta namna ya kupata dhahabu, kwenye safari za nahodha Mwingereza Martin Frobisher.

Dee alizaliwa London mwaka 1527. Elimu ya ramani aliipata Louvain (leo nchini Ubelgiji) kwa mwanahisabati Gemma Frisius, ambaye mwaka 1533 alikuwa amechapisha njia ya kupima nchi kwa pembetatu, na kwa mchora ramani Gerard Mercator aliyekuja kuwa rafiki yake. Waingereza walikuwa wakitafuta njia ya China kupitia kaskazini, na huko ndiko chati za mabaharia zilikowaangusha. Zilichora mistari ya longitudo sambamba toka ikweta hadi juu, ilhali kwenye latitudo ya 60 digrii moja ya longitudo ina nusu tu ya urefu wake wa ikweta. Umbali wa mashariki na magharibi ukawa mara mbili ya ule halisi.

Dee akaiweka ncha ya Kaskazini katikati ya karatasi. Ukitaka kuijaribu, chukua bikari na milimita 2 kwa kila digrii: latitudo ya 80 ni duara la nusu kipenyo cha milimita 20, ya 70 ni 40, ya 60 ni 60. Gawa duara la nje kila digrii 10, kisha vuta mistari hadi katikati. Umbali wa kaskazini-kusini utakuwa sahihi kote. Wa mashariki-magharibi unatanuka: nusu asilimia kwenye 80, karibu asilimia 5 kwenye 60, lakini asilimia 57 kwenye ikweta, hivyo usiipeleke mbali kusini. Kumbuka pia kwamba meli inayoshika mwelekeo uleule wa dira, usio wa kaskazini, kusini, mashariki wala magharibi kamili, hapa huchora mstari unaozunguka kama ganda la konokono kuelekea ncha.

Hesabu ilikuwa safi. Taarifa ndizo zilikuwa mbovu. Ramani iliyochapishwa Venice mwaka 1558 ilionyesha kisiwa cha Frisland, kisichokuwepo, na Dee akakiweka kwenye ramani zake. Longitudo nayo ilikuwa ya kukisia.

Mwaka 1576 Dee aliwafundisha Frobisher na maofisa wake kutumia vyombo vya kupimia njia baharini. Walirudi kutoka kaskazini na jiwe jeusi, na Giovanni Battista Agnello, Mveneti aliyeishi London, akasema lina dhahabu. Jaribio lenyewe si gumu. Sehemu 1 ya unga wa jiwe huyeyushwa na sehemu 10 hadi 15 za madini ya risasi, kisha risasi hiyo huwekwa tanurini kwenye kikombe cha majivu ya mifupa. Hewa huigeuza risasi kuwa oksidi, kikombe huinyonya, na punje ya fedha na dhahabu hubaki. Moto ukipoa, oksidi huganda juu ya punje. Moto ukizidi, fedha hupotea. Asidi ya naitriki ndiyo huondoa fedha, lakini punje isipokuwa na fedha mara tatu ya dhahabu, asidi haipenyi.

Mtego mkubwa ni risasi yenyewe, maana mara nyingi ina fedha ndani yake. Lazima uchome risasi tupu kwanza, upime punje yake, uitoe kwenye hesabu. Asiyefanya hivyo husifia jiwe kwa mali ya risasi. Mwaka 1578 meli 15 zilikwenda kuchota zaidi ya tani 1,000 za jiwe hilo, tanuri zikajengwa Dartford, Uingereza, na jiwe halikuwa na thamani yoyote.

Dee aliendelea na alkemia Bohemia (leo Jamhuri ya Cheki), kwa mtawala tajiri Vilém wa Rožmberk huko Třeboň, hadi mwaka 1589. Baadaye akiwa mkuu wa chuo cha kanisa Manchester, mwaka 1596 alimpokea mpimaji Christopher Saxton aje kuupima mji, na mwaka uliofuata akatembea mwenyewe kukagua mipaka ya parokia.