Simu kuisha chaji kabla ya adhuhuri: jinsi nilivyotatua

Wenzangu wa Lamu mnaotumia Android, kama simu inapata moto mfukoni hata hujaigusa, jaribuni hili.

Nilipunguza mwanga, nikaizima na kuiwasha, nikawa nafagia programu zote kila mara, yaani kuzitoa kwa kidole kwenye orodha ya zilizofunguliwa. Wapi! Programu ikifagiliwa hivyo huanza upya ukiihitaji, na kuanza upya kunakula chaji pia.

Kilichofaa: Mipangilio, Betri, kisha matumizi ya kila programu. Juu kabisa ilikuwa ile ya hali ya hewa, ninayoangalizia upepo wa kusi kabla ya kuvuka kwenda Mokowe, upande wa bara. Nikafungua ruhusa zake, upande wa Mahali, nikatoa "wakati wote", iliyoiruhusu kutafuta nilipo hata sijaifungua, nikaweka "inapotumika tu". Kufagia hakuigusi ruhusa hiyo, ng'o.

Siku hizi nafunga programu iliyoganda tu. Chaji inafika isha.