Dakika kumi na kalamu moja: ninavyochora kila siku

Kinachowakwamisha wengi si mkono mzito. Ni swali la "leo nichore nini?" Ukisubiri kulijibu ukiwa umeshaketi na daftari limefunguliwa, dakika tano zitapita na ukurasa ungali mweupe. Mimi hulijibu siku moja kabla. Nikimaliza ukurasa wa leo, naandika neno moja kwenye kona ya ukurasa unaofuata: kikombe, kiatu, ufunguo, kiganja. Kesho yake hakuna cha kuamua, ni kutekeleza tu. Mengine yote nitakayoeleza hapa yanasimama juu ya kitabia hicho kidogo.

Daftari ninalotumia ni la A6, yaani milimita 105 kwa 148, saizi inayoingia mfukoni. Ukurasa wa A4 hudai picha nzima, ilhali ukurasa mdogo huridhika na kitu kimoja. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Inatosha kwa penseli na biro, ila ukitumia makapeni wino utapenya na kuharibu upande wa pili. Anayetaka kuchora pande zote mbili atafute karatasi ya gramu 100 hadi 120. Rangi za maji ni habari nyingine kabisa, kwani hukunjamanisha karatasi nyepesi namna hii. Zinahitaji karatasi nzito, ya gramu 300 hivi, kwa hiyo katika zoezi la kila siku naziweka kando. Na tafadhali, usinunue daftari zuri mno. Daftari lenye jalada la ngozi hutia woga, mtu akaishia kulitunza badala ya kulichafua.

Kalamu ni biro nyeusi. Ukiigusisha kidogo inatoa kijivu, ukikandamiza inatoa weusi, na haifutiki. Hilo la mwisho ndilo muhimu zaidi. Penseli ina mahali pake, hasa 2B au 4B (alama ya ulaini iliyoandikwa kwenye penseli) unapotaka vivuli laini, maana kadiri namba ya B inavyopanda ndivyo grafiti inavyozidi na udongo wa mfinyanzi unavyopungua ndani yake. Lakini penseli haitembei bila kifutio, na kifutio kinaweza kula nusu ya muda wako. Mstari ukikosewa uache hapohapo, chora ulio sahihi kando yake. Ule wa kwanza unakuonyesha umekosea kwa kiasi gani na upande gani, na ukiufuta unaipoteza taarifa hiyo. Kasoro ya biro ni wino wake wa mafuta kujikusanya nchani na kuacha madonge. Dawa yake ni kuipangusa ncha kwenye kipande cha karatasi kila baada ya mistari michache. Anayechora kwa mkono wa kushoto aanze upande wa kulia wa ukurasa, asije akaburura kiganja juu ya wino mbichi.

Muda ni dakika kumi, na simu inapima: tatu za kuchorachora, sita za kuchora kwa kutazama, moja ya kuandika tarehe na neno la kesho. Kengele ikilia naacha, hata kama kikombe hakijapata mkono wake. Mchoro uliokatizwa ni rahisi kuurudia, na siku kumi za michoro nusunusu zinaufunza mkono kuliko Jumamosi moja ya kuchora kwa muda wa saa tatu.

Kuchorachora nako kuna utaratibu, ingawa jina linadanganya. Shika kalamu mbali kidogo na ncha, sentimita tano hivi, ili vidole visitawale kila kitu. Vuta mstari mmoja bila kuinua kalamu mpaka ujikate wenyewe mara sita au saba. Hapo utakuwa na vyumba kadhaa vya maumbo ya ajabu. Jaza vitatu: kimoja kwa mistari sambamba, kingine kwa mistari inayokatana, cha tatu kwa nukta. Kisha geuza daftari robo duara na uliangalie umbo lote upya. Linafanana na nini? Ongeza mistari mitano tu, si zaidi, ili liwe kitu hicho: ndege, mzee mwenye kofia, birika. Mbinu hii ni ya zamani. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji wazikodolee macho kuta zenye madoa mpaka waone milima na vita ndani yake, na mwaka 1785 Mwingereza Alexander Cozens alichapisha njia ya kutunga mandhari kuanzia madoa ya wino.

Tatizo litakalokuja, kwa kawaida ndani ya wiki mbili, ni mkono kukariri. Kila mtu ana vyake: macho, maua, masanduku, mizunguko ya konokono. Kiwiko kikiwa kimetulia mezani, kifundo cha mkono huchagua mwendo ulio rahisi kwake, nao ni upinde mdogo uleule. Wengine huliita jambo hili kuishiwa na ubunifu. Mimi naliona ni suala la misuli zaidi, na linatibika kwa kujiwekea kizuizi kimoja kwa siku. Leo hakuna mstari wa kupinda. Kesho mkono usiouzoea. Keshokutwa hakuna umbo linalozidi ukubwa wa ukucha, au kila mstari uanzie ukingoni mwa karatasi, au mkono uende kutoka begani. Kimoja tu, lakini. Ukiweka vizuizi vitatu kwa mpigo utatumia dakika zote tatu kukumbuka masharti.

Sehemu ya kutazama ndiyo ninayoihimiza zaidi, kwa sababu kuchorachora peke yake hutumia kilichomo kichwani tayari, na akiba hiyo huisha. Dakika mbili za kwanza ni za mstari wa kingo bila kuangalia karatasi. Weka kitu mbele yako, chagua sehemu moja ya ukingo wake, weka ncha ya kalamu kwenye karatasi, halafu macho na kalamu vitambae pamoja kwa mwendo wa konokono. Jicho likikutana na kikunyanzi, kalamu nayo ikunje. Matokeo yatakuwa mabaya, sehemu hazitakutana, na ndivyo inavyotakiwa. Kosa la kawaida ni kuchungulia. Kama huwezi kujizuia, toboa tundu katikati ya kipande cha boksi cha sentimita 15 kwa 15, pitisha kalamu humo na ushike chini yake. Mkono umefunikwa, hakuna cha kuchungulia.

Dakika nne zinazobaki unatazama kitu na karatasi kwa zamu, na hapo adui ni kile unachokijua. Chukua kikombe. Akili inajua mdomo wake ni duara na kitako chake kinakaa bapa mezani, kwa hiyo mkono unachora yai juu na mstari ulionyooka chini. Tazama tena. Kama unauona uwazi wa mdomo, basi kitako kiko mbali zaidi chini ya usawa wa macho yako kuliko mdomo, na mpindo wake lazima uwe wa mviringo zaidi kuliko ule wa mdomo. Halafu ncha mbili za lile yai hazichongoki kamwe. Hata likiwa jembamba sana, pembeni hugeuka kwa kuviringa. Makosa hayo mawili yakirekebishwa, kikombe kinakaa mezani. Kwa mkono wa kikombe, usiuchore wenyewe, chora nafasi tupu iliyo ndani yake. Nafasi hiyo haina jina, na kisicho na jina akili haina picha yake ya kukudanganyia.

Kupima uwiano: nyosha mkono wote ukiwa na kalamu iliyolazwa, fumba jicho moja, weka alama kwa kidole gumba kwenye upana wa kitu, kisha geuza kalamu iwe wima na ulinganishe na kimo chake. Wengi hukunja kiwiko wanapogeuza kalamu. Kiwiko kikikunjwa kalamu inasogea karibu na jicho, na kipimo cha kwanza hakifai tena kulinganishwa na cha pili.

Mara mbili kwa wiki naacha utaratibu huu na kuchukua maneno mawili kutoka kurasa zilizopita, tuseme kiatu na ndege. Nachora visanduku tisa vya sentimita tatu kwa tatu (daftari likiwa A6, vitatu vitatu vitajaza upana wa ukurasa), na kila kisanduku kinapata dakika moja. Vitatu vya kwanza huwa vya dhahiri, kiatu chenye mabawa na ndugu zake. Kuanzia cha nne panakauka, na hapo ndipo watu hufunga daftari. Usifunge. Badilisha kitu kimoja kwa wakati: ukubwa (ndege wanaotaga ndani ya kiatu kikubwa kama nyumba), nyenzo (kiatu kilichofumwa kama kiota), ndani na nje (soli iliyokatwa tuone mifupa myepesi ya ndege). Kinachoharibu zoezi hili ni kukipamba kisanduku cha kwanza. Tumia makapeni nene. Yenyewe itakunyima nafasi ya madoido.

Siku zitarukwa. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walikuta kwamba tabia mpya ilichukua kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254 kuzoeleka, kipimo cha kati kikiwa 66, na kwamba kukosa siku moja hakukuleta madhara ya maana. Tabia walizozipima zilikuwa za kula, kunywa na mazoezi, si za kuchora, lakini zinatosha kumpumzisha anayedhani mnyororo umekatika. Nikiruka siku, sichori kurasa mbili kesho yake. Deni la namna hiyo hukua haraka. Siku mbaya nina kiwango cha chini: kisanduku kimoja, dakika moja, kabla ya kushika simu kwa shughuli nyingine.

Mikutanoni pia nachorachora, kwa mpaka. Mwaka 2009 Jackie Andrade wa Chuo Kikuu cha Plymouth aliwasikilizisha watu 40 ujumbe wa simu wa kuchosha wa dakika mbili na nusu. Nusu yao walikuwa wakijaza kwa penseli maumbo yaliyochapishwa kwenye karatasi, na hao walikumbuka asilimia 29 zaidi ya wenzao. Angalia walichokuwa wakifanya: kujaza maumbo yaliyokwisha kuchorwa. Kazi hiyo haitaki kufikiri. Ukianza kuchora sura ya mwenyekiti, masikio yanakwenda na macho.

Mara moja kwa wiki, dakika kumi na tano, napitia kurasa saba bila kuchora. Kwa penseli nyekundu nazungushia vitu visivyozidi vitatu, na sichagui kilichochorwa vizuri, nachagua kinachonifanya nitake kujua kitakuwaje kikiendelea. Kuhukumu siku ileile hakufai, kwa kuwa jicho bado linaona ulichokusudia badala ya kilichomo kwenye karatasi. Kurasa nimezipa namba, na mwisho wa daftari kuna orodha: namba ya ukurasa na maneno matatu. Ninapohitaji wazo la kazi kubwa, bango au jalada, huanzia kwenye orodha hiyo. Ukipiga picha kurasa hizo, simama karibu na dirisha, zima fleshi, na simu iwe sambamba na karatasi, vinginevyo visanduku vyako vitatoka vimepinda.

Daftari la kurasa 96 hujaa kwa miezi mitatu hivi. Kabla ya kulihifadhi, nanakili orodha yake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, na kwenye kona ya ukurasa wa pili naandika neno la kesho.